CT skani au MRI kwa vimifupa vya sikio?

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, sikio la kushoto halisikii vizuri, daktari kasema huenda ni vimifupa vya ndani, basi barazani kila mtu na lake, wengi wanataka MRI (ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) eti kwa kuwa ni ghali ndo bora. Hapana jamani. Vile vimifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ni vidogo mno, kikuku chenyewe kama milimita 3 tu, tena vimezungukwa na hewa, na MRI inategemea maji ya mwilini, kwa hiyo mfupa na hewa vyote vinatoka vyeusi, utaona nini hapo? CT, yaani eksrei ya vipande vipande, inakata picha nyembamba chini ya milimita 1, mfupa ulioliwa au ulioachana na mwenzake unaonekana, dakika chache umemaliza. Mionzi ipo, ndio, mjamzito aseme mapema. MRI haina mionzi ila kelele zake we acha! Yenyewe inafaa neva ya kusikia, au kuangalia kama kolesteatoma (ngozi inayoota ndani ya sikio na kula mifupa) imerudi baada ya upasuaji. Shangazi mi nasema apimwe usikivu, halafu CT, hata kama itabidi tupande basi stendi ya Kange alfajiri kuifuata.