Kutoa na kubadili vipuri vidogo kwenye bodi za elektroniki: kipi ununue kwanza ukiwa Tanga

Fundi anayeanza kazi Ngamiani akishika hela kidogo, macho yote huenda kwenye bloa, mashine ya kupuliza hewa moto. Ina namba zinazowaka, inavuma, na mteja akiikuta mezani anaamini amefika kwa fundi wa kweli. Mimi naiweka ya pili. Nafasi ya kwanza navipa flaksi, dawa ya kusaidia lehemu kuyeyuka na kushika, na utepe wa shaba wa kunyonyea lehemu, vitu viwili ambavyo wengi huvibania hela.

Sababu iko kwenye joto. Lehemu ya bati na risasi, ile ya 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Bodi nyingi za siku hizi hutoka kiwandani na lehemu isiyo na risasi, na hiyo inataka nyuzi 217 kwenda juu. Halafu tuna hewa ya bahari. Simu au redio iliyokaa Sahare, au iliyopanda mtumbwi wa Deep Sea, hufika mezani ina ukungu wa kijani kwenye miguu ya vipuri, na lehemu iliyoliwa na chumvi haipokei joto vizuri. Asiye na flaksi hukandamiza chuma cha kulehemu kwa nguvu, pedi, yaani kidoa cha shaba anachokalia mguu wa kipuri, inang'oka, na kazi ya rezista moja inageuka kazi ya kuunga njia za bodi kwa unywele wa waya.

Kwa hiyo nunua flaksi ya jeli, ya kwenye bomba la sindano, inayosema ni ya elektroniki. Ile ya kopo ya mafundi bomba na mabati ina asidi. Itaendelea kula shaba mteja akishaondoka. Jina la Amtech hughushiwa sana, basi usinunue jina. Omba tone moja, lipashe kwenye bodi mbovu: nzuri hutambaa na kutulia, mbaya huchemka, hutoa moshi mkali na kuacha makaa meusi. Utepe wa upana wa milimita 2 hadi 2.5 unatosha kazi nyingi. Uangalie rangi. Ukiwa umefifia na kuwa wa kahawia, umeshapata kutu na hautanyonya kitu, hata muuzaji aape. Ukifika nao nyumbani ufungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana unyevu wa hapa hauna huruma. Unapotoa kipuri, yeyushia kwanza lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ngumu ya kiwandani. Zikichanganyika, joto la kuyeyukia linashuka na kipuri kinaachia bila kubishana.

Ya pili ni bloa, na kwa bei ya chini zinazoonekana zaidi ni za aina ya 858D, zinazotengenezwa na viwanda vingi kwa jina hilohilo. Kwa vipuri vya kubandikwa juu ya bodi inarahisisha sana: inayeyusha miguu yote kwa pamoja, wewe unanyanyua kwa kibano. Lakini kipuri cha saizi 0603 kina milimita 1.6 kwa 0.8 tu, upepo ukizidi kinaruka na hukioni tena. Upepo uwe mdogo, pasha eneo taratibu, na funika plastiki na kapasita za jirani kwa utepe wa Kapton, ule unaostahimili joto.

Kabla ya kulipa, chukua mita na upime kati ya pini ya ethi ya plagi na pua ya chuma ya bloa, lazima visomane. Baadhi ya hizi za bei ndogo hazina ethi kabisa, na nyingine swichi yake imekata nyutro badala ya waya wa moto, kwa hiyo hata ukizima, umeme umo ndani. Kitu kingine: feni iko ndani ya mpini, na ukiirudisha kwenye kishikio huendelea kuzunguka mpaka ipoe. Umeme ukikatika katikati ya kazi feni inasimama na joto linabaki humo, kwa hiyo iweke mbali na chochote kinachoungua.

Ya tatu, pampu ya mkono ya kunyonyea lehemu. Hii ni ya vipuri vyenye miguu inayopita kwenye matundu. Kama riziki yako ni kapasita zilizovimba za TV na sabufa, ipandishe mpaka ya kwanza. Dukani ibonyeze, ziba mdomo kwa kidole, achia: usiposikia kidole kikivutwa, iache.

Ya nne ni aloi ya kuyeyuka kwa joto dogo, mfano Chip Quik, inayoachia karibu na nyuzi 58. Inasaidia kutoa aisii (IC, yaani chipu) yenye miguu mingi bila bloa, ila lazima uisafishe yote kabla ya kufunga kipuri kipya, la sivyo kiungo kinabaki dhaifu. Bunduki ya umeme ya kunyonyea ni ya tano: nzuri, ghali, na pua yake huziba usipoisafisha. Inafaa duka lenye kazi nyingi za matundu tu.

Chuma cha kulehemu chenye umbo la bastola, kisicho na kipimo cha joto, sikipi nafasi hata ya mwisho kwa kazi hii.

Kibano kisichovutwa na sumaku usikisahau, na wakati wa kurudishia angalia mstari: kwenye kapasita ya tantalamu mstari ni chanya, kwenye ile ya mkebe wa alumini mstari ni hasi. Ukiagiza bloa Kariakoo ije kwa basi, agiza na hita ya akiba na pua ndogo ndani ya kifurushi hichohicho, na mwambie muuzaji aiwashe na kukutumia video kabla hajaifunga.