Age of Empires II: Definitive Edition na mizani ya falme zake

Toleo hili la 2019 la mchezo wa vita wa kompyuta limesawazisha falme vizuri, ila si kwa kila mchezaji. Wafranki ndio rahisi kutumia kuliko wote: mpanda farasi wao mzito ana uhai 120 badala ya 100, bila kulipia Bloodlines, utafiti unaoongeza uhai wa wapanda farasi. Hapo umeokoa chakula 150 na dhahabu 100 huku uchumi ungali mchanga. Ukikutana nao, toa askari wa mikuki mapema; mmoja ni chakula 35 na mbao 25, dhahabu haiguswi.

Wachina wanaanza na wanakijiji 6, watatu zaidi ya kawaida, lakini chakula sifuri! Ukichelewa kupata kondoo, makao makuu, yanayozalisha wanakijiji kwa chakula, yanakaa bure na faida yote inayeyuka. Anayejifunza asiwaguse kwanza.