MRI ya nyuzi za ubongo baada ya kiharusi: ilivyonisaidia kuurudisha mkono

Kiharusi kilinipata upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea kabisa. Nilipofikishwa hospitali nilipigwa CT skani, kujua kama ubongo unavuja damu au mshipa umeziba, maana tiba ya kuyeyusha bonge la damu haipewi mtu anayevuja damu. Kuhusu mkono haikusema kitu.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kali, ilifuata, pamoja na picha maalumu inayofuatilia mwendo wa maji kandokando ya nyuzi za neva. Hiyo ndiyo ninayoisifu. Inachora njia inayoshusha amri kutoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo, ikivukia upande wa pili chini ya ubongo. Doa langu, yaani sehemu ya ubongo iliyoharibiwa na kiharusi, lilikuwa dogo, nikajiuliza imekuwaje mkono mzima ufe. Daktari akanionyesha: limekaa papo hapo njiani, na mahali doa lilipo huweza kudhuru kuliko ukubwa wake. Lakini nyuzi kadhaa zilikuwa zimesalia! Mfiziotherapia wangu akaacha kunifundisha kutegemea mkono wa kushoto; tukakazania kufungua vidole na kushika vitu halisi, tena na tena.

Mashine ina kelele kali na inabana, ila haina mionzi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme mapema.

Lililoniudhi ni ripoti ya maandishi: ilitaja doa na mahali lilipo, basi. Bila daktari kuketi nami nisingeambulia chochote.

Je, kila mgonjwa anahitaji picha hii ya nyuzi kwa ajili ya mkono? Sidhani. Mtafiti Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, walitoa mwaka 2012 utaratibu wa kutabiri mkono utakavyopona, wenye MRI ndani yake. Toleo la 2017, PREP2, limeiondoa. Siku ya 3 hupimwa nguvu ya kuinua bega kwa upande na ya kunyoosha vidole, jumla alama 10. Aliyepata chini ya 5 huwekewa koili ya sumaku kichwani, ionekane kama misuli ya mkono inaitika.

Kwa hiyo kama vidole vyako vinanyooka mapema, pesa zako ziende kwenye mazoezi. Kama mkono umelala kabisa, iulizie picha hii, na uhakikishe mfiziotherapia wako yupo inaposomwa.