Tahadhari wenye vyombo Tanga: "epoksi" ya chupa moja

Wana Tanga, hasa nyinyi wenye mashua na boti za faiba, na mafundi wa matangi ya maji: kuna duka huku Ngamiani linauza gundi ya maji kwa jina la epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya. Mimi nimeshaliwa shilingi 48,000, na siku nne sikwenda baharini.

Mashua yangu ilikuwa inavujia karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Muuzaji akanitolea chupa ya lita moja iliyobanduliwa lebo, ndani kitu cheupe kama tui. Nikamuuliza, hadina (dawa ya kuigandisha) iko wapi? Akasema, "Hii ya kisasa kaka, imeshachanganywa kiwandani." Pale pale ningegeuza baiskeli nirudi zangu. Epoksi ya kazi zetu huja vyombo viwili, rezini na hadina, kila kampuni na kipimo chake. Ukishachanganya, haikusubiri: inapata moto yenyewe kikombeni, na kwa joto letu hili mara nyingi hata saa haimalizi kabla haijaganda. Itakaaje rafuni miezi ikiwa imechanganywa?

Basi nikaipaka. Ikakauka upesi, ikawa angavu, inang'aa, nikajiona fundi. Nikashusha chombo kwa maji ya bamvua. Siku ya pili vijana wanafua maji kwa ndoo. Tulipoipandisha pwani, ile "epoksi" ilikuwa imerudi nyeupe, laini, unaivua kwa kucha kama ngozi ya maziwa. Mzee mmoja fundi wa majahazi akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, si bora ungekuja nikupigie kalafati ya pamba na deheni?" Yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na kupaka mafuta ya chombo.

Nilichouziwa kilikuwa akriliki ya maji. Hiyo haigandi kama epoksi. Hukauka kwa maji yake kutoka, kwa hiyo husinyaa kidogo, na ikilala majini usiku na mchana hulainika na kuachia. Sitaki kuitukana, ina kazi zake. Ukuta wa nje, ufa wa paa, mahali panapopigwa na jua na kutanuka, pale inaishinda epoksi, maana inavutika na jua haliidhuru sana. Epoksi ndiyo inayoungulia juani: hugeuka manjano, kisha hutoa vumbi kama chokaa, ndiyo maana inafunikwa kwa rangi. Lakini kuunga mbao, kushika chuma, kuziba kitu kinachokaa chini ya maji, huko akriliki ya maji haifiki. Ipo pia akriliki ya gundi yenye vyombo viwili, ina nguvu na harufu kali inayopanda kichwani, ila hiyo ni kitu kingine na bei yake si hii.

Wakikuletea chupa, omba tone moja ulitie kwenye glasi ya maji. Akriliki ya maji itasambaa na kuyafanya maji meupe. Rezini ya epoksi itazama chini, nzito kama asali. Ukiwa na muda, paka kwenye kipande cha ubao, kiache kikauke kabisa, kisha kiloweke siku mbili ndipo uamue. Na epoksi yenyewe ipe kama wiki moja ikomae kabla ya kushusha chombo, hata fundi akikuharakisha.

Wengine wanauza polyester ile ya faiba, inayowekewa matone machache tu ya dawa, nayo wanaiita epoksi. Kwa boti ya faiba sawa, kwa ubao mkongwe haishiki vizuri.

Nilirudi dukani. Akaniambia sikuikausha vizuri. Risiti hakuwa amenipa na mimi sikudai, kwa hiyo hapo sina pa kushika; nyinyi daini, na iandikwe jina la bidhaa, si "gundi" tu.

Nusu chupa ilibaki. Nimepaka ufa wa ukuta wa choo, upande wa nje. Huko imeshika vizuri kabisa.