Waitangi yenyewe haina kosa, kosa ni la waliotupeleka

Sitaki mtu asome malalamiko haya akadhani kwamba ninailaumu Waitangi, kule New Zealand, maana hasira yangu yote inaielekea kampuni ya utalii iliyotuchukua kwa basi kutoka Auckland, na hasa kiongozi wake wa msafara, ambaye hadi leo nikimkumbuka chai hainishuki.

Sisi tuliosoma Tanzania tumekariri darasani habari za chifu Mangungo wa Msovero na mkataba wake wa mwaka 1884 na Mjerumani Karl Peters, uliompokonya ardhi yake, lakini sikuwahi kupelekwa mahali alipotia alama yake. Ndiyo maana nilitamani kuiona nchi iliyopatunza mahali kama hapo: nyumba ya James Busby, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko, na uwanja wa nyasi ulio mbele yake, ambapo machifu wa Kimaori walikutana na William Hobson, mjumbe wa serikali ya Uingereza, wakatia saini mkataba mwezi Februari 1840.

Ndani ya makumbusho nilisimama mbele ya nakala ya mkataba. Kingo zimetafunwa na panya, kwa kuwa karatasi halisi zilitelekezwa kwa miaka mingi, na ukiinama karibu unaona kwamba baadhi ya machifu hawakuandika jina wala kuchora msalaba, bali walichora kwa wino sehemu ya chale za nyuso zao. Nilikuwa ninaitafuta alama ya chifu Hone Heke, ambaye baadaye aliukata mlingoti wa bendera ya Waingereza kule Kororāreka, mji wa jirani, si mara moja, ndipo kiongozi wetu alipokuja, akaigonga saa yake kwa kidole, akasema mbele ya wageni wengine kwamba boti haitatungoja na kwamba karatasi hizo zote zimo kwenye intaneti.

Hata pomboo aliokuwa akitukimbiza kwenda kuwatazama wamo kwenye intaneti! Nilipomkumbusha kwa adabu kwamba tangazo lao liliahidi muda wa kutosha, ilhali hatukupewa hata saa nzima na sehemu yake iliishia kwenye foleni ya choo, alinijibu kwamba wageni wa kutoka mbali kwa kawaida hupendelea bahari. Mtumbwi mkubwa wa vita, wenye urefu wa mita 35 na zaidi, niliuona kwa kupita tu, nikilikimbilia basi.

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba safari hii ni hasara tupu, lakini nitakuwa mwongo. Binti wa Kimaori aliyetutembeza pale uwanjani alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba machifu wengi walitia saini maandishi ya Kimaori, yaliyowahakikishia mamlaka juu ya ardhi na vijiji vyao, wakati maandishi ya Kiingereza yaliikabidhi Uingereza enzi yote, na kwamba ugomvi huo haujaisha. Kwa maelezo yale peke yake ningelipa tena.

Kwa hiyo Waitangi ninaipa nyota zote. Kampuni nilitaka kuipa moja, kwa ajili ya dereva, aliyeendesha kwa utulivu. Lakini nilipodai nirudishiwe fedha walinijibu kwa kunipa punguzo la safari nyingine pamoja nao, kwa hiyo hata hiyo moja nimeifuta. Anayetaka kwenda alale Paihia, mji wa karibu, kisha aifuate njia ya ufukweni kwa miguu. Hapazidi mwendo wa nusu saa, na hakuna atakayemgongea saa.