Pikipiki ya safari iliyotumika: ipi ununue Nairobi, na uipime vipi kabla ya kulipa

Betri ya pikipiki ilikuwa mpya kabisa, hata karatasi ya duka haijabanduliwa. Muuzaji, kijana mpole wa Kilimani, alinionyesha kama mtu anayetoa zawadi: "Boss, hii nimekuwekea wiki jana tu. Wewe ni kujaza mafuta na kwenda." Nikalipa siku hiyo hiyo. Jumamosi nikashika barabara ya Magadi. Kiserian nikapita, Corner Baridi nikapita, raha tupu. Nilipokuwa nateremka kuelekea Olorgesailie, taa ya mbele ikaanza kufifia, sindano ya mita ikachezacheza, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Saa saba mchana, jua la utosi, mimi na mbuzi wa watu. Lori la Kanta lililokuwa likirudi mjini lilinibeba kwa shilingi 8,000, na sikuwa na ubavu wa kubishana bei.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Industrial Area, hakugusa spana. Aliitazama ile betri, akanitazama mimi. "Mwanangu, pikipiki isiyo na ugonjwa inanunuliwa betri mpya ya nini?"

Stata ilikuwa imeungua. Hiyo ni duara la koili ndani ya kifuniko cha injini, ndilo linalozalisha umeme wa kuwasha taa na kujaza betri. Likifa, pikipiki inaendelea kutembea kwa akiba ya betri peke yake. Betri mpya iliyojaa inatosha kabisa kumzungusha mnunuzi mitaa miwili mitatu arudi akitabasamu.

Kwa hiyo orodha hii ya pikipiki tano sikuipanga kwa kasi wala kwa sura. Nimeipanga kwa swali moja: kile kinachojulikana kuharibika kwenye pikipiki husika kikiharibika, nitahangaika kiasi gani hapa Nairobi?

1. Suzuki V-Strom 650. Hakuna atakayegeuza shingo kuitazama, na mimi naona hiyo ni faida. Injini ya silinda mbili, cc 645, imekuwepo kwenye V-Strom tangu 2004 ikirekebishwa kidogo kidogo tu, kwa hiyo fundi aliyefungua moja hashangai akikutana na nyingine. Zile za mwanzo, za 2004 hadi 2011, zina tangi la lita 22. Unatoka Nairobi unafika Voi bila kuingia kituo cha mafuta. Kabla ya kulipa, piga magoti uchungulie chini kwa mbele: chujio la oili na bomba la ekzosi vimekaa wazi, na mawe ya barabara za huku hayana huruma. Ukiona bonde kwenye bomba au oili inayovuja kwenye chujio, jua haikuwa inatembea kwenye lami tu. Na pima umeme wake kama nitakavyoeleza chini.

2. Royal Enfield Himalayan, cc 411. Haina rejeta. Inapozwa kwa hewa na oili, na valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi makini wa bodaboda anaielewa ukimwonyesha vipimo. Ubaya wake ni nguvu. Ina gia tano na nguvu za farasi kama 24, kwa hiyo ukipanda kutoka Mai Mahiu umembeba mama watoto na mizigo yake, matatu zitakupigia honi mpaka juu. Ukiwa huna haraka maishani, hutapata ya kukutesa kidogo kuliko hii. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole: ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Hilo lisikuvunje moyo, ila likupunguzie bei.

3. Honda Africa Twin, cc 998, za 2016 hadi 2019. Kwa kuendesha, hii ndiyo ningeiweka ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Inashuka ya tatu kwa sababu ya pesa tu: spea nyingi utaagiza na kusubiri. Magurudumu yake ni ya spoku, na tairi zina tyubu ndani. Wenzetu wa Ulaya wanalalamika juu ya tyubu, lakini ukipata pancha Isiolo utashukuru, maana kila kijiji kina mtu wa kuziba tyubu. Pitisha kidole kwenye kila spoku utafute kutu. Nyingine zinabadilisha gia zenyewe, hazina hata mkono wa klachi. Hizo kama hujawahi kuziendesha, usijifunzie kwenye foleni ya Waiyaki Way.

4. Kawasaki KLR 650. Silinda moja, kabureta, tangi la lita 23 kwenye zile za zamani. Ni punda kwa maana nzuri. Ila ndani ya injini kuna kikono kidogo kinachokaza cheni ya kusawazisha mtikisiko, na kwenye matoleo ya zamani hasa kinajulikana kwa kuvunjika. Vipande vikisambaa mle ndani, umenunua chuma chakavu. Muulize muuzaji kama kimebadilishwa. Akikuuliza "kikono gani?" umeshapata jibu.

5. BMW R 1200 GS. Najua nitatukanwa. Lakini ile ya zamani inayouzwa kwa bei ya kushangaza ndiyo inayowanasa wengi. Badala ya cheni ina shafti, na beringi ya gia ya nyuma ikichoka hesabu yake ni nzito. Shika tairi la nyuma juu na chini, lisukume na kulivuta: likicheza, au ukiona oili imetambaa kwenye rimu, muage muuzaji kwa heshima. Kipimo cha mafuta cha tangi nacho kina sifa ya kufa. Bila fundi mwenye kompyuta ya kuisoma, mengine ni kubahatisha. Mwenye mfuko mzito na fundi wa uhakika aipandishe hadi nafasi ya pili, sitabisha.

Sasa kipimo. Nenda Luthuli Avenue ununue mita ya volti, ya bei ndogo tu inatosha. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma kama volti 12.6. Washa, vuta mafuta hadi injini ifike mizunguko kama 5,000 kwa dakika: isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na pointi, au ikishuka ukiwasha taa, hakuna umeme unaorudi kwenye betri. Usipime mara moja ukaridhika. Zungusha pikipiki nusu saa, irudi ikiwa moto, upime tena, kwa sababu kuna stata zinazofanya kazi vizuri zikiwa baridi na kugoma zikipata joto. Muuzaji akikuruhusu kuchomoa soketi ya stata, utakuta nyaya tatu, mara nyingi za manjano. Zipime mbili mbili, injini ikiunguruma: volti zifanane. Kisha zima, uhakikishe hakuna hata mmoja uliogusana na bodi.

Mwambie pia muuzaji asiiwashe kabla hujafika, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Mimi niliikuta injini ina joto nikadhani amenirahisishia.

Kuna jambo moja la Nairobi penyewe. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni baridi, na rejeta mbovu inaweza kujificha hapa miezi. Magadi ni kama mita 600, joto la tanuri. Basi ipeleke Ngong Road saa kumi na moja jioni, ikae kwenye foleni. Kwa zenye rejeta, feni lazima iwake yenyewe na joto lishuke. Isipowaka, huyo anauza kwa sababu alishafika Magadi kabla yako.

Karatasi, kwa kifupi. Namba ya chasisi iliyogongwa shingoni ifanane na iliyo kwenye logibuku, na utafute rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wewe mwenyewe, usiletewe picha ya skrini. Ukinunua kwa mfanyakazi wa ubalozi au wa UN, uliza kama ushuru umelipwa. Wengi waliingiza bila ushuru, na deni hilo linaamka inapouzwa kwa mtu wa kawaida. Msafiri mzungu aliyeivusha mpaka kwa kibali cha muda naye hana haki ya kukuuzia hivi hivi, hata akilia kwamba ndege yake ni kesho.

Yule kijana wa Kilimani nilimpigia kutoka gereji. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Stata ilifungwa koili upya na fundi wa mota za umeme, siku tatu, na pikipiki ninayo bado. Mita iko chini ya kiti. Jana asubuhi ilisoma 14.1.