Nililipia Mwimbaji, Nikauziwa Maiti

Si desturi yangu kuandika maoni kuhusu matembezi ya kuongozwa, na lau mwongozaji wetu angenijibu kwa adabu ya kawaida tu, haya nisingeyaandika. Matembezi hayo ya Paris yalitangazwa kuwa yanafuata maisha ya usanii ya Antoinette Saint-Huberty, mwimbaji wa opera aliyetamba katika miaka ya 1780. Bei na mahali pa kukutania vimeelezwa kwenye tovuti yao. Kisichoelezwa ni kwamba usanii wenyewe utaupata kwa dakika za kuhesabika, na muda wote uliobaki utasimuliwa jinsi mama wa watu alivyouawa.

Tulisimamishwa mbele ya ukumbi wa Porte Saint-Martin, karibu na lile lango la mawe la mfalme Louis XIV. Jengo la sasa si lile la wakati wa Saint-Huberty, kwa kuwa la kwanza liliteketea mwaka 1871, lakini ni papo hapo kampuni ya Opera ya Paris ilipohamia mwaka 1781 baada ya ukumbi wa Palais-Royal kuungua, na jengo zima likasimamishwa kwa miezi michache tu. Hapo ndipo wakazi wa Paris walipomsikia, mwishoni mwa mwaka 1783, akiimba nafasi ya Didon, malkia wa Carthage, katika opera ya Didon ya mtunzi Piccinni. Nilidhani kama kuna mahali pa kuzungumzia sauti yake, basi ni hapo. Mwongozaji alitaja mwaka, akataja jina la opera, kisha akashusha sauti kama bibi anayewatisha wajukuu usiku, akasema, "Sasa tuje kwenye kisu."

Nilinyoosha mkono. Nilimwomba atueleze kwanza mwanamke huyu alifikaje kwenye jukwaa hilo, kwa sababu hakuzuka usiku mmoja. Alipoanza Opera mwaka 1777, katika Armide, opera ya mtunzi Gluck, alipewa nafasi ndogo, huku nafasi ya Armide mwenyewe ikiwa mikononi mwa Rosalie Levasseur, na ilimchukua miaka kupenya. Husimuliwa kwamba alikuwa akija mazoezini na gauni jeusi lililochakaa, na wenzake walipomdhihaki, Gluck aliwajibu kwamba siku moja huyo ndiye atakayekuwa tegemeo la Opera. Husimuliwa pia kwamba Didon ilipokuwa ikifanyiwa mazoezi bila yeye, watu wa ikulu waliiona baridi, naye Piccinni akawaomba wasihukumu hadi Didon mwenyewe awasili. Ilipooneshwa Fontainebleau, kwenye kasri la kifalme, hata mfalme Louis XVI, ambaye hakuwa mpenzi wa opera, aliipenda. Haya yote mwongozaji anapaswa kuyajua kuliko mimi niliyelipa.

Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasema mbele ya kundi zima, "Mama, hakuna anayelipa kusikia habari za Piccinni." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimelipa, tena kwa ajili hiyohiyo, na risiti nilikuwa nayo mkobani.

Basi tukapewa kisu. Sikatai kwamba ni kisa kizito. Mume wake wa pili, d'Antraigues, alikuwa mtu wa njama za kisiasa, na Bonaparte alipomkamata mwaka 1797 mke huyo alisaidia kumtorosha Milan. Mwezi wa Julai mwaka 1812, nyumbani kwao Barnes, karibu na London, mtumishi wao aliwaua wote wawili kisha akajiua. Lakini kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kuacha jukwaa la Opera kwa zaidi ya miaka ishirini, na tulisimama kandokando ya barabara ya Paris tukioneshwa kwa mikono jinsi kisu kilivyoingia, jambo lililotokea ng'ambo ya bahari!

Mwongozaji nitampa haki yake. Alikuwa na nakala ya mchoro wa vazi la Didon ndani ya mfuko wa plastiki, akaupitisha mkono kwa mkono. Ni kanzu nyepesi ya kufuata mtindo wa kale, na viatu vya kamba zilizofungwa juu ya mguu usio na soksi, katika ukumbi ambamo wanawake walizoea kuimba wakiwa wamevimbishiwa sketi kila upande. Kisha akawasha spika ndogo, ukaanza "Ah! que je fus bien inspirée", ule wimbo ambamo malkia anajipongeza mbele ya mgeni wake kwa kumkaribisha nyumbani, asijue kwamba mgeni huyo atamtupa. Kwa muda huo mfupi nilimsamehe kila kitu, hata kicheko, na nilikuwa tayari kuwapeleka dada zangu kwenye matembezi hayo. Akauzima katikati ya mstari, ati tunachelewa kahawa.

Ni hilo lililonichoma kuliko lile tusi. Mtu ana wimbo mfukoni, na anaufanya kitulizo cha kati ya damu na kahawa.

Niliwaandikia ofisini kwao. Majibu yao hayakugusa hoja yangu hata moja, ila walinipa punguzo la matembezi yao ya usiku kuhusu mauaji ya kale ya Paris. Nilikuwa nimetoa nyota moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya mchoro ule, na baada ya kuisoma tena barua yao nimeiondoa.